Dhahabu ya Segese: mzani wa soko haumwoni mtoto

Wachimbaji wadogo wa Segese, katika Halmashauri ya Msalala wilayani Kahama, hawahangaiki kutafuta mnunuzi. Kinachozidi kuulizwa na masoko ya nje ni nani aliyeshika jembe, nyundo na zebaki kabla dhahabu haijafika mzanini.

Swali hilo lina sababu. Mwaka 2013 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu watoto waliokuwa wakishuka kwenye maduara (mashimo ya kuchimbia), kubeba viroba vya mawe na kuchanganya zebaki kwa mikono mitupu katika machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Wizara ya Kazi ya Marekani nayo imeiweka dhahabu ya Tanzania kwenye orodha yake ya bidhaa zinazozalishwa kwa ajira ya watoto. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni iliyoanza kutumika Januari 1, 2021, unawataka waagizaji wakubwa wa dhahabu wakague mnyororo wao kwa mwongozo wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD), unaotaja pia ajira mbaya za watoto.

Tanzania nayo ina sheria. Iliridhia Mkataba Namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) kuhusu ajira mbaya za watoto mwaka 2001, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inapiga marufuku mtoto kufanya kazi mgodini.

Ugumu uko kwenye mwalo, mahali dhahabu inapochenjuliwa. Jiwe hutoka kwenye duara, likasagwa kwenye karasha, unga ukaoshwa, ukachanganywa na zebaki, ukakamuliwa kwa kitambaa, kisha ukachomwa. Mawe ya wengi hukutana hapo. Dalali anayenunua gramu chache hapa na chache pale huyeyusha zote pamoja, na ushahidi wa aliyezichenjua hupotea.

Masoko ya madini, yaliyoanzia Geita Machi 2019, yaliivuta dhahabu hiyo kwenye mfumo rasmi. Sokoni hupimwa uzito na ubora, mrabaha ukakatwa. Umri wa aliyeosha unga haupimwi.

Kuisusia dhahabu hii si dawa: itapita njia za panya, na mtoto atabaki na zebaki yake. Nchi zinazonunua zichangie gharama za ukaguzi wa mialo, mashine zisizotumia zebaki na bei nzuri kwa mwenye leseni asiyeajiri watoto. Serikali nayo iifanye asili ya mzigo kuwa sharti la kuuza sokoni. Bila hayo, muhuri wa soko unathibitisha kodi tu.