Jibini Gumu la Parma: Kinachobaki na Kinachoondoka Katika Maziwa

Maziwa ni miongoni mwa vyakula viharibikavyo upesi mno. Yakikamuliwa asubuhi na kuachwa bila kuchemshwa katika joto la Pwani, jioni huwa yamekwisha kuingia uchachu. Hata hivyo, kaskazini mwa Italia yako maghala ambamo maziwa yaliyokamuliwa miaka miwili au mitatu iliyopita yangali yamelala juu ya rafu za mbao, wala hayakugandishwa kwa barafu wala kutiwa dawa ya kuhifadhia. Hayo ni maziwa yaliyogeuzwa kuwa jibini gumu liitwalo Parmigiano Reggiano, jina litokanalo na miji ya Parma na Reggio Emilia. Thamani yake ni ya zamani. Mwaka 1666, moto mkubwa ulipoiteketeza London, Samuel Pepys, ofisa wa serikali ambaye kumbukumbu zake husomwa hadi leo, alichimba shimo na kufukia humo divai yake pamoja na jibini lake la Parma.

Kazi ya kulitengeneza huanza jioni. Maziwa humiminwa katika vyombo vipana visivyo na kina kirefu, na usiku krimu huelea juu. Asubuhi krimu hiyo huenguliwa, na maziwa yaliyosalia huchanganywa na maziwa mapya ndani ya sufuria kubwa za shaba zenye umbo la kengele iliyopinduliwa. Huongezwa kiasi kidogo cha maji yaliyobaki katika kazi ya jana, yenye bakteria wengi wa uchachu, kisha hutiwa reneti, yaani kimeng'enya kitokacho katika tumbo la ndama anyonyaye. Kwa dakika kumi hivi maziwa yote huganda. Fundi huyakatakata hadi yawe chembe ndogo kama za mchele, akayapasha moto kufikia nyuzi 55 za Selsiasi, nazo chembe huzama na kushikamana. Bonge hilo hunyanyuliwa kwa kitambaa cha kitani, likakatwa sehemu mbili ambazo mafundi huziita pacha. Kila pacha hutiwa katika kalibu ya mviringo, hulowekwa katika maji ya chumvi kwa majuma matatu hivi, kisha huwekwa rafuni. Kanuni zake hazikubali jibini lililokaa chini ya miezi 12. Wakati huo mkaguzi huligonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza, maana palipo na ufa ndani sauti hubadilika.

Kila kilo ya jibini hutumia lita 14 hivi za maziwa. Basi jibini zima la kilo 40 limemeza zaidi ya lita 500. Sehemu kubwa ya maziwa hayo huondoka kama maji yenye rangi ya kijani na manjano, ambayo tangu zamani hulishwa nguruwe wa nchi hiyo hiyo. Je, huondoka na nini?

Kwanza huondoka na sukari ya maziwa, yaani laktosi. Jambo hili latuhusu sisi pia. Watu wengi wa Afrika wakiisha kuwa watu wazima, utumbo wao hutoa laktesi kidogo tu, nacho ndicho kimeng'enya kivunjacho laktosi. Hivyo kikombe cha maziwa huwaletea gesi na kuharisha. Huo si ugonjwa, bali ndiyo kawaida ya wanyama wanyonyeshao. Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff, waliowapima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, walitangaza mabadiliko matatu ya jeni yawezeshayo baadhi ya watu, hasa wa jamii za wafugaji, kuendelea kunywa maziwa bila taabu. Mabadiliko hayo ni tofauti na yale ya watu wa Ulaya.

Husemwa mara nyingi kwamba ni ule muda mrefu uiondoao laktosi katika jibini. Sivyo. Nyingi huondoka na maji siku ile ile, na iliyobaki bakteria huigeuza kuwa asidi ya laktiki katika siku za mwanzo. Jibini la mwaka mmoja halina laktosi, sawasawa na la miaka mitatu.

Kazi ya muda ni nyingine. Vimeng'enya huendelea polepole kuikata minyororo mirefu ya protini iitwayo kazeini, hadi kufikia asidi amino zenyewe. Mojawapo, tairosini, hujikusanya kuwa fuwele nyeupe ambazo mlaji asiyejua hudhani ni chumvi. Nyingine ni asidi ya glutamiki, iletayo ladha nzito kama ya supu ya nyama, ladha ambayo mkemia wa Kijapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 katika mwani.

Kalsiamu ndiyo hasa ibakiayo. Katika maziwa, sehemu yake kubwa imeshikamana na kazeini, na reneti haiibandui. Asidi ndiyo huiyeyusha. Mwalimu agandishaye maziwa kwa maji ya ndimu darasani huonyesha vizuri jinsi kazeini inavyojitenga, lakini asiwaambie wanafunzi kwamba bonge lile lina kalsiamu sawa na jibini la reneti, kwani nyingi imekwenda na maji.

Gramu 100 za jibini hili zina protini gramu 32, mafuta gramu 30 hivi, chumvi gramu 1.6, na kalsiamu miligramu 1,150 hivi. Maziwa ya ng'ombe yana protini gramu 3.3 na kalsiamu miligramu 120 tu. Kipande cha gramu 30 humpatia mtu mzima karibu theluthi moja ya kalsiamu ya siku. Lakini mafuta yake mengi ni yale yagandayo, na vitamini C hamna. Tena ni ghali mno: atafutaye kalsiamu katika soko la Mwanza au Kisumu atafanya vyema kununua dagaa wakavu, wanaoliwa pamoja na mifupa.

Jikoni jibini hili hutumiwa zaidi kama kiungo. Hukwaruzwa kwa bati lenye matundu, kama karoti, wakati ule ule wa kupakua, kwa sababu likikwaruzwa mapema hupoteza harufu. Hunyunyizwa juu ya tambi, au hukorogwa katika wali laini wa Kiitalia baada ya sufuria kuepuliwa. Likikutana na moto mkali protini zake hushikana kuwa madonge, na mafuta hujitenga. Mpishi aonje kwanza kabla ya kuongeza chumvi. Ganda la nje halina nta. Ni jibini lile lile lililokauka. Wanawake wa Emilia hulikwangua, wakalitumbukiza katika supu ya maharage ichemkayo taratibu, nalo hulainika na kuachia ladha yake yote humo.