Jar ile ile, simu tofauti: kwa nini gemu liligoma?

Kama uliwahi kumiliki simu ya vitufe ya Nokia, Siemens au Sony Ericsson, hili unalikumbuka. Rafiki anakurushia gemu kwa Bluetooth. Kwake linacheza safi. Kwako linafunguka dogo kwenye kona ya kioo kama stempu kwenye bahasha, au nusu ya gari inapotelea nje ya kioo, au vitufe vya juu havijibu, au simu inagoma kulifungua kabisa. Faili ni lile lile, halijabadilika hata baiti moja.

Ajabu ni kwamba faili hilo la jar lilikuwa la Java, lugha ambayo tangu Sun Microsystems waitangaze mwaka 1995 imejinadi kwa ahadi moja: andika mara moja, endesha popote. Sasa hiyo "popote" iliishia wapi?

Tuanze na neno jukwaa, maana ndilo kiini cha kesi yote. Programu haielei hewani. Inasimama juu ya prosesa ya aina fulani, juu ya mfumo endeshi fulani (Windows, Linux, Android), na juu ya maktaba zilizokuja na mfumo huo. Huo mkusanyiko wote ndio jukwaa. Swali ambalo kila mbunifu wa lugha hulazimika kulijibu ni hili: mwandishi wa programu aone kiasi gani cha jukwaa lililo chini yake?

Lugha ya C, iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 pale Bell Labs nchini Marekani, iliamua kuipa mashine nafasi yake. Kiwango rasmi cha C hakikwambii `int` ina biti ngapi. Kinasema tu zisipungue 16. Kwa `long`, zisipungue 32. Zilizobaki ni hiari ya anayetengeneza kompaila, ili atumie ukubwa unaoifaa prosesa yake. Ndiyo maana C ina kasi, na ndiyo maana hadi leo, kwenye Linux ya biti 64 `long` ina biti 64, lakini kwenye Windows ya biti 64 `long` hiyo hiyo ina biti 32.

Unaona ni kitu kidogo? Hesabu milisekunde zilizomo ndani ya siku 30. Ni 2,592,000,000. Namba kubwa kabisa inayoingia kwenye biti 32 zenye alama ni 2,147,483,647. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika msimbo wake kwenye seva ya Linux ya chuo anapata jibu sahihi, akija kuukompaili kwenye laptop yake ya Windows mara nyingi ataletewa -1,702,967,296. Mwezi umekuwa na muda hasi, na programu haijalalamika hata kidogo.

Java ikasema hapana, biashara hiyo tumeifunga. `int` ni biti 32, `long` ni biti 64, kila mahali. Kompaila ya Java haitoi maelekezo ya prosesa yako. Inatoa baitikodi, yaani maelekezo ya prosesa ambayo huwezi kuikuta dukani. Kila kompyuta inawekewa programu ya kuyasoma na kuyatekeleza maelekezo hayo, ile mashine pepe tunayoiita JVM. (Ukiwa na muda, fungua faili lolote la `.class` kwa programu inayoonyesha baiti kwa heksadesimali. Baiti nne za mwanzo zinasomeka CAFEBABE, liwe limetengenezwa kwenye Mac au kwenye Windows. Wahandisi nao wana utani wao.)

Mpaka hapo mambo ni mazuri. Sasa ipeleke Java hiyo kwenye simu ya mwaka 2000.

Toleo la simu lilijengwa kwa ngazi mbili. Ya chini iliitwa CLDC, na ililenga vifaa vyenye kumbukumbu ya kati ya kilobaiti 160 na 512 kwa ajili ya Java nzima. Picha moja ya WhatsApp leo inaweza kuzidi hapo. Ili kuingia ndani ya nafasi hiyo, CLDC 1.0 iliziondoa namba za desimali. Hakuna `float`, hakuna `double`. Prosesa nyingi za simu hazikuwa na vifaa vya kuzihesabu, na kuziiga kwa programu kungekula kumbukumbu. Waandishi wa magemu wakarudi kwenye ujanja wa zamani: kasi ya 1.5 unaizidisha kwa 256, unaibeba kama namba kamili 384, halafu unagawanya wakati wa kuchora.

Juu yake ikakaa MIDP 1.0, iliyoeleza kioo, vitufe na mtandao. Kioo kidogo kabisa kilichoruhusiwa kilikuwa cha nukta 96 kwa 54. Hakukuwa na namna ya kuchora kwenye kioo kizima, maana simu ilijiwekea sehemu yake kwa kichwa cha habari na majina ya vitufe. Hakukuwa na namna ya kupiga muziki wala kutetemesha simu.

Waliofanya hivyo hawakuwa wajinga. Ukitaka meza moja iingie kwenye kila nyumba ya mtaa, unapima mlango mwembamba kuliko yote. Tabu ni kwamba mwenye mlango mpana naye anapewa meza ile ile nyembamba, na simu yake aliinunua kwa sababu ya huo upana.

Nokia walikuwa na mlango mpana. Wakaweka kwenye simu zao maktaba ya kwao, `com.nokia.mid.ui`, yenye klasi iitwayo FullCanvas ya kuchora kioo kizima, na njia za kuwasha taa na kutetemesha simu. Sauti ikaja na maktaba yake pembeni. Jiweke kwenye nafasi ya mtengeneza gemu: unaliacha gari lako likimbie kwenye kijidirisha, kimya, ili Siemens nao waweze kulicheza? Au unatumia FullCanvas, gemu linapendeza, halafu kwenye Siemens linaanguka kwa sababu hiyo klasi haipo? Wengi walichagua kupendeza, na kiukweli sioni kwa nini tuwalaumu.

Waliokuwa makini zaidi waliuliza kwanza kabla ya kuingia:

```
Canvas kioo;
try {
    Class.forName("com.nokia.mid.ui.FullCanvas");
    kioo = (Canvas) Class.forName("KiooNokia").newInstance();
} catch (Throwable t) {
    kioo = new KiooKawaida();
}
```

Isome taratibu. Mstari wa kwanza ndani ya `try` unabisha hodi: jamani, FullCanvas yupo? Akiwepo, tunapakia `KiooNokia`, klasi tuliyoiandika wenyewe kwa kutumia vitu vya Nokia. Asipokuwepo, simu inarusha kosa, tunalidaka, na tunaendelea na kioo cha kawaida. Kitu cha kuangalia ni kwamba `KiooNokia` imetajwa kwa jina lililo ndani ya alama za nukuu, kama maandishi tu. Ukiandika `new KiooNokia()` moja kwa moja, klasi yako inaifahamu Nokia tangu mwanzo, na simu nyingine inaweza kukugomea hata kabla ya kufika kwenye swali.

Lakini kuna mambo ambayo hata kubisha hodi hakukusaidia. Vile vitufe viwili vya chini ya kioo, kulia na kushoto, MIDP haikuvipa namba. Nokia wakavipa -6 na -7. Siemens wakavipa -1 na -4. Gemu lililoandikwa likisubiri -6 lingesubiri mpaka betri iishe. Ongeza vioo vya 128×128, 176×208 na 240×320, ongeza na simu za mwanzo za Series 40 zilizokataa jar inayozidi kilobaiti 64, na unaelewa kwa nini gemu moja lilikuwa na matoleo mengi. Lugha ilikuwa moja, baitikodi ilikuwa moja, ila gemu halichezwi kwa baitikodi. Linachezwa kwa macho na vidole, na huko ndiko simu zilikotofautiana.

Mwishoni mwa 2002 likatoka MIDP 2.0, lenye kioo kizima, sauti na mtetemo. Ni yale yale ambayo watu walikuwa wakiyafuata kwa Nokia. CLDC 1.1 nayo ikazirudisha namba za desimali. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba vipengele vya jukwaa moja ni uchafu wa kuepukwa, muulize: bila mtu kuanza peke yake, kamati ingejuaje watu wanahitaji nini?

Si kila anayeongeza kitu ana nia hiyo, lakini. Microsoft nao waliitengeneza Java yao, Visual J++, wakaiongezea J/Direct ya kuziita kazi za Windows moja kwa moja, na baadaye hata maneno mapya ndani ya lugha, kama `delegate`. Programu iliyotumia vitu hivyo ilikuwa Java kwa sura, ila nje ya Windows haikuwa na maisha. Sun waliwashtaki Oktoba 1997 kwa kuvunja masharti ya leseni, na Januari 2001 kesi ikaisha kwa Microsoft kukubali kulipa dola milioni 20. Wakati huo walikuwa wameshatangaza lugha yao wenyewe, C#, na `delegate` imo humo mpaka leo. Tofauti na Nokia naiona hapa: Nokia waliweka maktaba pembeni, unaweza kuibishia hodi. Neno jipya ndani ya lugha huwezi kulibishia hodi. Kompaila nyingine inakataa faili zima.

Kuna na njia ya tatu, ambayo Afrika Mashariki tunaijua vizuri: kuachana na jukwaa lenye vurugu na kuhamia jingine. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, menyu yake iliwekwa ndani ya laini, kwa teknolojia ya SIM Toolkit. Simu isiyojua Java hata kidogo iliweza kuionyesha. Bei yake ni kwamba hupati picha wala rangi, unapata orodha ya namba za kuchagua. Na laini yako lazima iwe ile yenye menyu. Utegemezi ulitoka kwenye simu ukahamia kwenye laini.

Nimeongea sana juu ya vioo na vitufe, vitu vinavyoonekana. Mtu anaweza kusema sawa, hayo ni mapambo, angalau hesabu zilikuwa salama. Hazikuwa, na si kwenye simu tu.

Prosesa za Intel za miaka ya 1990 zilihesabu desimali ndani ya nafasi za biti 80, wakati Java iliahidi `double` ya biti 64. Chukua mfano huu: 1e308 mara 10, kisha gawanya kwa 10. `double` inaishia karibu na 1.8e308, kwa hiyo kuzidisha kunavuka mpaka na jibu ni Infinity. Kugawanya baadaye hakuliokoi. Kwenye biti 80 nafasi ni kubwa zaidi, hakuna kilichovuka, na unarudi na 1e308 yako. Ili Intel itoe jibu la Java, JVM ililazimika kuongeza kazi ya kupunguza matokeo kila mara, na programu za hesabu zikawa nzito.

Basi Desemba 1998, kwenye Java 1.2, ahadi ikalegezwa. Kwa kawaida mashine iliruhusiwa kutumia nafasi yake pana zaidi wakati wa hesabu, na anayetaka jibu lile lile kila mahali aliandika neno jipya, `strictfp`. Lugha ya "endesha popote" ikawa na neno la kuombea popote.

Kilichomaliza mgogoro ni chuma. Pentium 4 ilikuja na maelekezo ya SSE2, yanayohesabu kwa biti 64 kamili bila gharama ya ziada, na taratibu prosesa zisizo nayo zikatoweka mezani. Septemba 2021 ikatoka Java 17, na kanuni kali ikarudi kuwa ya wote. `strictfp` bado inaruhusiwa kuandikwa. Ukiiandika, kompaila inaweza kukupa onyo kwamba haihitajiki tena, halafu inaendelea na kazi.