Hisa Bila Presha: Acha Kanuni Iamue

Umewahi kukaa meza moja na mtu aliyenunua hisa jana? Chakula kinapoa, mwenzi wake anaongea, yeye macho kwenye simu anaangalia bei. Ikipanda shilingi tano anacheka peke yake. Ikishuka tano, nyumba nzima inajua.

Ugonjwa huu una dawa, tena ya zamani kuliko simu yako. Ni kununua na kuuza kwa kanuni. Unaandika masharti yako mapema, wakati bado umetulia: nitanunua ikiwa hivi, nitauza ikiwa vile. Bei ikifikia sharti, unatekeleza. Isipofikia, unaenda kulala. Hakuna cha "nahisi itapanda", hakuna cha "jamaa wa ofisini kaniambia".

Mcheza dansi aliyewashinda wenye suti

Mfano ninaoupenda ni wa Nicolas Darvas, mzaliwa wa Hungary aliyekula kwa kucheza dansi jukwaani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akizunguka dunia na maonyesho yake huku akinunua hisa za New York kwa telegramu. Aliona kwamba bei ya hisa hucheza kwa muda kati ya sakafu na dari, kama mpira ndani ya boksi. Ikitoboa dari, ananunua. Papo hapo anaacha agizo la kuuza kidogo chini ya pale, ili ikigeuka asiumie sana. Kwenye kitabu chake cha mwaka 1960 anasema alivuna zaidi ya dola milioni 2.

Lakini kisa kitamu kimo ndani ya kitabu. Aliporudi New York na kukaa karibu na madalali, akisikia kila fununu, alianza kupoteza. Ikabidi aondoke, arudie telegramu zake. Kukaa mbali na soko ndiko kulikomsaidia. (Haki isemwe: soko la Marekani lenyewe lilikuwa linapanda wakati ule, na soko likipanda kila mtu anaonekana ana akili.)

Boksi likifika Kongowe

Sasa tuwachukue mke na mume wa kufikirika wanaoishi Kongowe, hii ya Kibaha kwenye barabara ya Morogoro, si ile ya Mbagala. Mke anafundisha, mume anaamka saa kumi alfajiri kuwahi basi la Dar. Wana kiwanja, wana rundo la matofali, wana shilingi 500,000 za akiba. Wakichukua boksi la Darvas kama lilivyo na kulipeleka Soko la Hisa la Dar es Salaam, watakutana na mambo mawili magumu.

La kwanza ni ada. Ukijumlisha kamisheni ya dalali na tozo za soko, mnunuzi mdogo hulipa karibu asilimia 2 akinunua, na karibu asilimia 2 tena akiuza. Kwa 500,000 hiyo ni kama 20,000 kwa kuingia na kutoka mara moja. Kanuni yako ikikuingiza na kukutoa kila mwezi, mwaka ukiisha umelipa kama 240,000. Karibu nusu ya mtaji imekwenda, na hapo hujakosea hata mara moja kuhusu bei! Mfumo unaong'aa kwenye karatasi unaweza kufia hapo, kwa hiyo ukiujaribu kwa bei za zamani, katia ada kila mara.

La pili ni uchache wa wanunuzi. Soko letu lilifunguliwa Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL, na ingawa limekua, zipo hisa zinazopitisha siku nzima bila mtu kuzigusa. Kanuni inasema "uza leo", unaweka agizo, na agizo linakaa. Sharti la kukata hasara lina maana pale tu yupo mtu wa kununua.

Kwa hiyo kanuni ya Kongowe lazima iwe ya polepole. Angalia CRDB. Mwaka 2009 hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 150. Mwaka 2015 wanahisa waliuziwa hisa za nyongeza kwa 350. Kufika 2019 bei ilikuwa inazunguka karibu na 100, na ungewasikia watu vijiweni: hisa ni utapeli. Mwaka 2024 ikavuka 600, na gawio la mwaka huo likawa shilingi 65 kwa kila hisa, kabla ya kodi ya asilimia 5.

Mtu mwenye kanuni ya "100,000 kila baada ya miezi mitatu, bei iwe yoyote" angepata hisa kama 285 kwa bei ya 350, na 1,000 kwa bei ya 100, ukiacha ada. Kanuni ilimlazimisha kununua nyingi zaidi siku ambayo moyo ulikuwa unamwambia kimbia. Lakini usidanganyike na hadithi iliyoishia vizuri. Mwaka 2019 hakuna aliyejua. Kanuni hiyohiyo kwenye kampuni inayokufa itakununulia ubovu kwa bei rahisi mpaka mwisho, ndiyo maana mimi ningeongeza sharti: kampuni moja isizidi theluthi ya pesa yote.

Asiyependa kununua kila bei anaweza kuwa na kanuni nyingine. Mara moja kwa mwezi piga wastani wa bei za miezi 10 iliyopita. Bei ya leo ikiwa juu ya wastani, nunua au endelea kushika. Ikiwa chini, usiongeze. Bei za kila siku hutolewa na soko lenyewe bure, na Excel inatosha.

Na roboti? Mitandaoni wapo vijana wanaouza programu "inayotrade yenyewe usiku umelala". Swali langu kwao ni moja: kanuni yake ni ipi? Akisema ni siri, basi wewe huna mfumo, una imani tu. Waliopanda mbegu DECI kabla ya serikali kuifunga mwaka 2009 nao walikuwa na imani. Dalali halali ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na leseni inaweza kuulizwa bila aibu.

Karatasi ya watu wawili

Hapa ndipo nyumba nyingi huteleza. Mmoja ananunua kimya kimya, bei inashuka, na siku moja jikoni linatoka swali: "Baba Junior, si ulisema mwaka huu tunapaua?" Hapo tatizo si bei tena.

Andikeni pamoja, ukurasa mmoja: kiasi gani, lini, kampuni zipi, na tutauza kwa sababu zipi. Ada ya shule na pesa ya ugonjwa zisiingie humo kabisa. Kubadilisha kanuni kuruhusiwe, ila isiwe siku bei imeshuka; subirini mwezi mmoja ndipo mkae tena. Mkifungua akaunti, mwulizeni dalali kuhusu akaunti ya pamoja na maelekezo ya saini. Kununua anaweza kusaini mmoja. Kuuza, wote wawili.