Pumzi ndogo kwa mapafu yaliyovuta moshi

Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka Mradi, Embakasi, jijini Nairobi, na moto ukavamia nyumba za watu. Zaidi ya watu 200 walijeruhiwa. Baadhi wakakimbizwa hospitali ya Mama Lucy Kibaki, wengine ya Kenyatta. Baada ya mkasa kama huo macho yetu yote huwa kwenye ngozi iliyoungua. Moshi ulioingia kifuani hauonekani, na unaweza kuua zaidi kuliko jeraha la nje.

Aliyevuta moshi ndani ya chumba kilichofungwa anaweza kutoka kwa miguu yake, akazungumza na majirani, kisha baada ya saa kadhaa au siku moja mbili akaanza kutweta. Sumu za moshi huchubua njia za hewa. Utando unavimba, maji yanavuja kwenye vifuko vya hewa, na masizi yakichanganyika na makohozi huganda kama gundi nyeusi kwenye vijia vyembamba. Nawasihi: mkimwona mtu ametoka motoni akiwa na sauti ya kukwaruza, masizi puani au vinyweleo vya pua vimeungua, mpelekeni hospitali usiku huohuo, hata kama ngozi yake haina jeraha.

Akizidiwa, daktari humwingiza mrija kooni na mashine ikachukua kazi ya kupumua. Lakini mapafu hayaumii sawasawa; sehemu moja imeziba, nyingine bado laini. Hewa hufuata njia rahisi. Pumzi iliyokusudiwa mapafu yote inaishia kwenye kipande kizima kilichobaki, nacho kinatanuliwa hadi kuumia.

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 861 wa mapafu yaliyoumia ghafla. Waliopewa pumzi ya mililita 12 kwa kila kilo walifariki asilimia 40 hivi. Waliopewa mililita 6, asilimia 31. Hapakuwa na dawa mpya. Kilichopunguzwa ni nguvu ya mashine.

Je, pumzi zikiwa ndogo zaidi, mamia kwa dakika? Mafundi wa bati wa Kamukunji wanaijua mantiki hiyo: bati jembamba halipigwi dharuba moja, hugongwa kidogokidogo, harakaharaka, lisipasuke. Kwa watoto wachanga njia hiyo hutumika. Kwa watu wazima, tafiti mbili za 2013 zilivunja matumaini. Wa Uingereza haukuona tofauti. Ule ulioongozwa na Wakanada ulikuta vifo asilimia 47 kwa waliowekwa kwenye pumzi hizo za mtetemo pekee, dhidi ya 35 kwa wenzao.

Kuchanganya njia hizo mbili ni jambo jingine. Mashine hutoa pumzi za kawaida, kumi na kitu kwa dakika, na juu yake vijipigo mia kadhaa. Ukiweka kiganja kifuani mwa mgonjwa unahisi mtikisiko, kama umekaa karibu na spika ndani ya matatu ya Buruburu. Pumzi kubwa inatoa kaboni dayoksaidi. Vijipigo vinatikisa ile gundi ya masizi hadi ipande juu, muuguzi aivute kwa mrija. Huko Texas, utafiti wa 2010 wa wagonjwa 62 walioungua ulilinganisha njia hii na pumzi ndogo za kawaida. Siku za kuishi bila mashine zilikaribiana, ila waliolazimika kubadilishiwa mashine walikuwa wachache zaidi kwenye kundi la mchanganyiko. Ni utafiti mdogo, wa kituo kimoja.

Kwa hiyo, fedha zikipatikana kwa hospitali za Eastlands, ningezipeleka kwanza kwenye oksijeni isiyokatika na wauguzi wa kutosha wa zamu ya usiku. Pumzi ya mililita 6 haihitaji mashine ya ajabu. Hesabu yake hufuata urefu wa mtu, si unene. Muuguzi huchukua utepe, akampima mgonjwa aliyelala chali kutoka utosini hadi kisiginoni, akapiga hesabu, kisha akazungusha kitufe kurudi nyuma.