Petroli ya Kulaza Gari la Kale

Wazee walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo huu wawafaa Waingereza wenye magari ya kale ya michezo, kama MGB lililoundwa tangu 1962 hadi 1980. Wakati wa baridi barabara zao hutiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na sisi wa pwani twajua jinsi chumvi ilavyo chuma. Kwa hiyo magari hayo hulazwa bandani mpaka baridi ipungue.

Lakini adui mwingine huwamo ndani ya tangi. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya huko ni E10, yaani yaweza kuwa na ethanoli, spiriti itokayo kwenye mimea, hadi asilimia 10. Spiriti hiyo huvuta unyevu wa hewani, tangi likashika kutu; tena huharibu mipira ya zamani. Gari la kila siku huimaliza petroli ingali mpya. Lililolala miezi minne halina bahati hiyo.

Basi afanyeje mwenye gari? Na anunue petroli ya daraja la juu, E5, ambayo ethanoli yake haizidi asilimia 5. Alijaze tangi karibu na mdomo, kwani nafasi tupu huweka unyevu. Atie dawa ya kuhifadhi petroli, kisha aliwashe gari dakika chache ili dawa ifike kwenye kabureta.

Petroli hiyo ni ghali kidogo, ndugu msomaji, lakini tangi lililotoboka ni ghali zaidi.