Akili unde na kiwanda kilichokosa korosho (2)

Wiki iliyopita tulieleza namna kompyuta inavyofundishwa: haiandikiwi kanuni moja moja, bali huonyeshwa mifano kwa mamilioni hadi iweze kubashiri kinachofuata. Tuligusia pia ugomvi wa majina ya teknolojia hiyo. Wapo wanaoiita akili bandia, jina lenye harufu ya noti za kughushi. Wapo wanaosema akili mnemba. Na wapo wanaosema akili unde, kitu kilichoundwa kama jahazi linavyoundwa. Leo tuiache meza ya wanaisimu, tupande Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania.

Watu wa Masasi na Newala wanayajua matumaini ya mashine kuliko wengi wetu. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka kusini. Sehemu kubwa ya zao hilo ilikuwa ikisafirishwa ghafi kwenda India kubanguliwa huko. Serikali ikaona ni heri tubangue wenyewe. Mikopo ikatafutwa, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwa wakopeshaji, na viwanda vikajengwa hadi vikafika 12, vyenye uwezo wa kubangua tani zipatazo 113,000 kwa mwaka. Mitambo ilitoka Italia na Japani. Masasi ikapata kiwanda, Newala ikapata viwili.

Kuta zilipokuwa zikipanda, zao lilikuwa likishuka. Wakulima walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki mbali ikimezwa na vichaka. Bei ya mamlaka ya korosho haikulipa jasho la kupalilia. Kisha ukaja ubwiri unga, kuvu mweupe anayekausha maua kabla hayajafunga tunda. Msimu wa 1986/87 nchi nzima haikufikisha hata tani 20,000. Viwanda vingi vikasimama, na baadhi ya majengo yake yakageuka maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazongoja meli.

Ukitaka kulaumu mashine hapo, utaionea. Mashine ya kubangua ilijua kubangua. Kilichokosekana ni chakula chake, na chakula hicho kilitegemea mambo ambayo mhandisi hakuyaweka kwenye mchoro: mkulima analala wapi, analipwa kiasi gani, ua la mkorosho lina afya gani mwezi wa Julai.

Akili unde nayo ni kiwanda. Korosho zake ni maneno, picha na sauti zetu. Kiingereza kimeijazia maghala hadi juu. Kiswahili kimepeleka magunia kadhaa. Kimakonde, Kimakua na Kiyao vimepeleka vibaba. Lakini kuna tofauti moja ambayo msomaji aishike. Kiwanda cha Newala kilipokosa korosho kilinyamaza, na kila aliyepita aliuona mlango umefungwa. Akili unde ikikosa korosho hainyamazi. Hubangua maganda na kukuletea kwenye sahani ileile safi, kwa sauti ileile ya kujiamini. Kazi yake ni kutafuta neno linaloelekea kufuata, na neno hilo linaweza kuwa la kweli au lisiwe. Iulize kipimo cha dawa ya mkorosho wa Nanyamba kule Mtwara, nayo ikikosa habari za Nanyamba inaweza kukupa za Brazili bila kukuambia.

Je, basi tuikimbie? Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na wakulima wa uwandani walikuwa na kila sababu ya kushtuka mara ya pili. Baada ya mkasa wa viwanda, watafiti, wale wa kituo cha Naliendele karibu na Mtwara wakiwemo, waliwaletea ushauri mwingine: puliza salfa. Unga wa njano unaonuka, wa kununua kwa fedha taslimu, unaopulizwa kwa mashine ya injini inayobebwa mgongoni. Waliothubutu waliona maua yamefunga. Kufikia msimu wa 1999/2000 mavuno ya nchi yalikuwa yamerudi juu ya tani 100,000, na 2017/18 yakapita tani 313,000. Salfa haikufanya yote peke yake. Bei na miche bora vilichangia. Lakini aliyekataa kila jipya kwa sababu ya kiwanda kilichofungwa aliendelea kuokota korosho chache chini ya mti mgonjwa.

Na watafiti hawakuishia kushangilia. Walirudi kupima udongo wa kichanga wa uwandani wakakuta salfa inauongezea asidi. Dawa ilifaa, na dawa ilidhuru, na mambo yote mawili yalipaswa kusemwa kwa mkulima yuleyule. Matumaini ya mtu mzima ndivyo yalivyo: hupuliza salfa, kisha hupima udongo.

Tuchukue mfano wa akili unde yenyewe. Muhogo ndio ugali wa wengi huko, na ipo programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya utafiti ya IITA. Unaelekeza kamera kwenye jani, nayo inakuambia kama ni ugonjwa wa batobato, ugonjwa wa michirizi ya kahawia au utitiri wa kijani. Inafanya kazi hata pasipo intaneti, na picha zilizotumika kuanza kuifundisha zilipigwa mashambani hapa Tanzania. Kiwanda hiki, basi, kililishwa korosho za nyumbani.

Matokeo ya majaribio ya Nuru yalichapishwa mwaka 2020. Kwa jani moja, Nuru ilipatia kwa asilimia 65. Maofisa ugani walipatia kati ya asilimia 40 na 58. Wakulima kati ya 18 na 31. Ilipotazama majani sita ya shina moja, ilifika kati ya asilimia 74 na 88. Mwenye matumaini atasema: imemshinda bwana shamba! Mwenye shaka atasema: kwa jani moja inakosea mara moja katika kila tatu. Wote wawili wamesoma sawasawa. Faida iko kwa anayejua kwamba majani ni sita, na kwamba michirizi ya kahawia huweza kuozesha muhogo chini wakati jani halisemi mengi. Jembe bado lina kazi.

Limebaki swali la nani anabangua. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi akapanda hadi Newala akiwa na fonografu. Watu waliimba mbele ya pembe ya mashine, sauti zikachorwa kwenye silinda za nta. Nta ikaenda Ujerumani, na mwaka 1908 kitabu chake kikatoka kwa Kijerumani. Sauti zilisafiri ghafi. Korosho zetu nyingi hadi leo husafiri ghafi kwenda India na Vietnam, na mapato ya kubangua hubaki huko. Tukipeleka picha za mashamba na sauti za bibi zetu kwa njia hiyohiyo, tutakuja kuuziwa maarifa yetu wenyewe yakiwa yamekaangwa na kutiwa chumvi.

Kwa hiyo mtu akija kijijini na simu yenye akili, asifukuzwe wala asishangiliwe. Aulizwe: ilifundishwa kwa mashamba ya wapi, inakosea mara ngapi, na tunachoipa leo kitabanguliwa na nani? Swali la tatu ndilo gumu, nalo linahitaji nafasi yake. Wiki ijayo tutaanzia hapo.

Itaendelea.