Pete ya Mwanga Inayosaka Saratani

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwasimulie habari za pete isiyovaliwa kidoleni.

Huko London kuna kanisa kubwa liitwalo St Paul's. Ndani ya kuba lake pana ujia wa mviringo. Ukinong'ona umeelekea ukutani, mwenzako aliye ng'ambo anakusikia, kwa kuwa sauti huambaa na ukuta uliopinda. Lord Rayleigh, mwanafizikia Mwingereza, alilieleza jambo hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Baadaye ikajulikana kwamba hata mwanga huweza kuzungushwa hivyo hivyo.

Basi wataalamu wakachonga pete za silikoni, ile ile ya chipu za simu. Pete moja ina upana wa maikromita 30 hivi; unywele wako ni mnene kuliko huo. Kando yake hupita njia nyembamba inayobeba mwanga wa leza usioonekana kwa macho. Si kila mwanga huingia kwenye pete: huingia ule tu ambao mawimbi yake, katika mzunguko mmoja, hutimia bila kubaki nusu wala robo.

Juu ya pete hupandikizwa kingamwili, na kila aina hushika protini yake tu. Majimaji ya damu yakipita, protini inayosakwa hunasa. Hapo mwanga hupunguza mwendo kidogo, na wimbi linalotimia huwa refu kidogo kuliko la awali. Kifaa husoma tofauti hiyo.

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walizitumia pete hizi kupima CEA, protini ambayo huongezeka kwa baadhi ya wenye saratani ya utumbo mpana. Waliweza kutambua kama nanogramu 2 tu katika mililita moja.

Lakini sikilizeni vizuri: CEA hupanda hata kwa wavuta sigara, na wapo wagonjwa ambao kwao haipandi kabisa. Ndiyo maana watafiti hupanga pete nyingi kwenye chipu moja, kila moja ikisaka dalili yake, na daktari bado lazima ahakikishe kwa vipimo vingine.

Kwa nini wahangaike hivyo? Saratani ikigunduliwa ingali changa, mara nyingi huondolewa kabla haijasambaa. Ikisambaa, tiba huwa ngumu. Kazi hii inamtaka ajuaye mwanga akae meza moja na ajuaye damu. Someni fizikia na baiolojia kwa bidii, maana wagonjwa wanawasubiri.